Tangu Tulipoanza Kuhesabu Hadharani

Mimi ni karani wa mwalo. Samaki wakishushwa ninapima, wakiuzwa ninaandika, wakati wa mgao ukifika ninagawa. Kazi hiyo naifanyia Gitaza, katika komine Muhuta, kando ya barabara ya RN3 inayotoka Bujumbura kuelekea Rumonge na Nyanza-Lac, mlima ukiwa mkono wa kushoto na Ziwa Tanganyika mkono wa kulia. Hadi mwaka 2015 tulikuwa watu wa Bujumbura Vijijini. Mwaka huo mkoa wa Rumonge ulipoundwa, Muhuta ikaingizwa humo, hadi mikoa ilipopangwa upya mwaka 2025. Sikusomea uongozi wala sijawahi kukalia kiti cha umeneja. Ninachoshuhudia ni jambo nililoliona kwa macho yangu: kundi la wavuvi waliokata tamaa, wanung'unikaji, wanaokiibia chombo wanachokitegemea, liligeuka likawa kundi linalowahi kazini bila kuitwa. Hatukuwaongezea mshahara, maana hawana mshahara. Hatukuwahubiria wala hatukuwatisha.

Kwa asiyeujua uvuvi wa huku, tunavua kwa katamarani, yaani mitumbwi miwili ya mbao iliyofungwa pamoja kwa miti, na katikati yake huteremshwa wavu mpana. Uvuvi wa namna hiyo uliingia Burundi miaka ya 1950. Wavuvi hutoka jua likielekea kuzama, huenda mbali na pwani, hushusha wavu, huwasha taa, kisha hungoja. Ndagala, yaani dagaa, hufuata mwanga, na samaki aitwaye mukeke hufuata ndagala. Baada ya saa kadhaa wavu huvutwa kwa kamba, watu wote kwa pumzi moja. Mmoja akilegea, upande wake unazama na samaki wanatoka. Kisha wavu unashushwa tena. Zamani taa zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi wanatumia balbu za betri zinazochajiwa kwa jua. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazifui dafu, na mitumbwi hukaa nchi kavu.

Malipo ni mgao. Samaki wakishauzwa, kwanza hutolewa gharama: petroli ya mashine, betri, matengenezo. Kinachobaki hukatwa mara mbili. Nusu ni ya tajiri, mwenye mitumbwi, nyavu na mashine, na nusu ya wavuvi. Nusu ya wavuvi hugawanywa mafungu: kapita, kiongozi wa chombo, huchukua mawili, kila mvuvi moja. Iko mialo ambako tajiri huchukua zaidi, lakini kwetu ilikuwa nusu kwa nusu. Ukiusikia mpango huu utadhani hakuna unaomtia mtu ari kuushinda. Ukivua sana, unakula sana. Basi kwa nini watu wetu walikuwa wakifanya kazi kama wanaosukumwa?

Vijana walichelewa kushuka mwaloni. Wavu uliotoboka jana ulirudi ziwani na tundu lake. Katikati ya usiku samaki waliuzwa kwa mitumbwi midogo inayopita, na fedha ikaishia mfukoni mwa aliyekuwa karibu. Asubuhi naletewa kreti chache, na nikiuliza, kila mtu anatazama milima ya Kongo ng'ambo. Hata hao samaki waliofika walikuwa wamepondwa kwa kutupwa na kukanyagwa, na akina mama wanunuzi walitumia sababu hiyo kushusha bei. Mara kwa mara kijana mwenye nguvu alihamia chombo cha jirani, ama alivuka mpaka kwenda Kigoma, na tukaanza kumfundisha mwingine.

Tajiri wetu, aliyekuwa akiishi Bujumbura, alijaribu kila alilolijua. Alibadilisha kapita. Alimpandisha mpwa wake chomboni awe mlinzi, na haukupita muda mpwa naye akawa anauza samaki gizani. Alinunua jezi za rangi moja. Aliahidi mbuzi wakivua vizuri. Mbuzi akaliwa, watu wakashukuru, mambo yakarudi palepale. Mwishowe akamrudisha yule kapita wa zamani, mzee aliyeanza uvuvi wakati wa karabai, na mzee akakubali kwa sharti kwamba asikilizwe.

"Tajiri," alisema, "vijana hawa hawajui wanakatwa nini. Petroli unanunua wewe, fundi unamlipa wewe, bei ya samaki unaisikia wewe kwenye simu. Wao wanaletewa noti zilizokunjwa. Mtu anayeletewa noti zilizokunjwa huona heri ajilipe mwenyewe mapema."

Tajiri hakuwa mwizi. Nalisema hilo kwa sababu daftari lilikuwa mkononi mwangu, na gharama zilizokuwa zikikatwa zilikuwa za kweli. Lakini ukweli ulio ndani ya daftari lililofungwa haumsaidii anayekatwa. Chukua petroli peke yake. Katika miaka hii ya uhaba wa mafuta Burundi, bei ya kituoni ni moja na bei ya anayekuuzia kwa kificho ni nyingine kabisa, na haikai mahali pamoja. Mvuvi anaijua bei ya kituo. Akisikia makato, anapiga hesabu kichwani kwa bei hiyo, anaona pengo, na pengo hilo analiita wizi. Toka hapo, kila kreti anayoiuza gizani anaiona ni haki yake iliyochelewa.

Maneno ya mzee yalinigusa kwa sababu nilikuwa nimeshaona kwingine jinsi shaka hiyo inavyotibiwa. Mimi ni mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, vile vinavyoitwa Nawe Nuze, vilivyoenezwa Burundi na shirika la CARE. Mpango wenyewe ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa wanawake wasiofikiwa na benki, ukasambaa Afrika nzima. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Kila mkutano fedha huhesabiwa mbele ya wote, kwa sauti, na kabla ya kufunga tunatajiwa salio ili tulishike kichwani. Mkutano unaofuata, kabla sanduku halijafunguliwa, tunaulizwa: kulikuwa na kiasi gani? Mama asiyejua kusoma hujibu sawasawa na mwalimu. Katika kikundi chetu sijaona mtu akilalamika kuhusu fedha, na sababu si kwamba sisi ni watakatifu. Shaka inakosa pa kukaa.

Nikamwambia kapita, kapita akamwambia tajiri. Tajiri alikataa. Aliogopa kwamba wavuvi wakijua hesabu, watamdai. Mzee akamwomba ajaribu kwa kipindi kimoja tu cha usiku wa giza, na kama hasara itatokea, arudi kwenye noti zake. Hapo akakubali.

Jambo la kwanza lilifanyika kabla ya mtumbwi kutoka. Tuliketi tukakubaliana ni makato gani yatatoka kwenye fungu la wote na yapi ni ya tajiri peke yake. Petroli na betri, ya wote. Mashine ikifa, ya tajiri, kwa kuwa mashine ni mali yake. Nyuzi za kushonea wavu, ya wote. Yalibishaniwa sana, na mabishano hayo yalikuwa na faida kuliko jezi zote, kwa maana kwa mara ya kwanza mvuvi alisikia gharama za chombo zikitajwa kabla hazijamwangukia.

La pili lilikuwa ubao mweusi, wa aina ya shuleni, tulioutundika ukutani pale mwaloni. Asubuhi samaki wanahesabiwa wote wakiwa wamesimama. Bei inaandikwa. Makato yanaandikwa moja moja, na karatasi ya kila kilichonunuliwa inachomekwa kwenye msumari pembeni. Kwa mfano, mauzo yakiwa faranga 600,000 na gharama 120,000, zinabaki 480,000. Nusu ya wavuvi ni 240,000. Watu saba, na kapita ana mafungu mawili, ni mafungu manane: 30,000 kila fungu. Nilisoma kila mstari kwa sauti, na kabla ya kufuta nikawaomba waushike kichwani, kama kwenye sanduku letu. Jioni, kabla ya kutoka, mmoja wao aliulizwa mgao wa asubuhi ulikuwaje. Mwanzoni walicheka. Baada ya muda wakawa wanasahihishana.

Kilichofuata sikukitarajia. Nilidhani maswali yote yangemwendea tajiri, lakini mengi waliulizana wenyewe. Mdogo kuliko wote, kijana wa kukumba maji, alimuuliza mwendesha mashine mbele ya ubao kwa nini petroli ya usiku ule imezidi ya usiku uliotangulia, hali hawakwenda mbali zaidi. Mwendesha mashine hakujibu. Wote walijua kwamba mashine ilikuwa ikiwashwa usiku kufuata wateja wa samaki wa gizani. Tajiri alikuwa ameuliza swali hilo mara nyingi bila kupata kitu. Lilipotoka kwa kijana anayekatwa naye, lilikuwa na uzito mwingine, na matumizi ya petroli yakashuka.

Hata biashara ya gizani ilipungua kwa njia hiyohiyo. Awali anayeuza kreti usiku alikuwa, machoni pa wenzake, anamwibia tajiri, na kumfichia siri ilikuwa ndiyo uungwana. Sasa kila mmoja alijua kreti moja ina thamani gani katika fungu lake. Anayeiuza alikuwa anauza ya wenzake. Mlinzi hakuhitajika tena. Sisemi ilikwisha mara moja, wala sisemi leo hakuna hata samaki mmoja anayepotea. Nasema kreti zilizofika mwaloni zilianza kulingana na nguvu zilizotumika.

Palibaki ugomvi wa nani afanye nini. Kushona wavu mchana wa jua si sawa na kukaa karibu na taa, na kukumba maji si sawa na kushika usukani. Wakubwa walichagua, wadogo wakabeba. Mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuja kuutazama ubao wetu aliniletea habari ya wavuvi wa Alanya, Uturuki, iliyoandikwa na Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata. Wavuvi wale, wapatao mia moja, walikuwa wakigombea sehemu nzuri za kutega. Wakaziorodhesha sehemu zote, na kila Septemba wakapiga kura nani aanzie wapi. Kisha kila siku kila mmoja husogea sehemu moja upande wa mashariki, na kuanzia Januari wanarudi upande wa magharibi. Pazuri panamfikia kila mtu, na pabaya vilevile. Nikawasomea wavuvi wetu. Kapita alikuna kichwa, akasema hao Waturuki wana akili, nasi tukapiga kura ya zamu za kazi. Zamu zikaandikwa upande wa pili wa ubao. Siku kapita mwenyewe alipoangukiwa na kushona wavu, alikaa akashona, na tangu hapo sikumsikia kijana akisema kazi ile ni ya watoto.

Lakini ziwa halisomi ubao. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba joto la dunia limepunguza chakula kinachozalishwa majini katika Tanganyika kwa takriban asilimia 20, na wakakadiria kwamba samaki wamepungua kwa karibu asilimia 30. Maji ya juu yanapopata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, na rutuba inabaki kwenye kina. Mvuvi hahitaji kusoma hayo ili ayajue. Kuna usiku ambao watu wamejituma kuliko siku zote na wavu umepanda mtupu. Tukipima ari yao kwa kreti tu, tutawaadhibu kwa sababu ya jua.

Ndipo tukakubaliana kupima na yale yaliyo mikononi mwetu: wavu umeshonwa kabla ya saa kumi jioni? Betri zimejaa? Chombo kimetoka kwa wakati? Samaki wamefika wazima au wamepondeka? Majibu ya maswali hayo nayo yaliandikwa. Asubuhi ya wavu mtupu, wavuvi waliosimama mbele ya ubao wenye alama zote nne walirudi nyumbani maskini lakini hawakurudi wameaibika, na jioni walishuka tena. Kabla ya hapo, asubuhi mbili mbaya mfululizo zilitosha kutukosesha watu.

Alama ya nne ilileta faida ambayo tajiri aliielewa haraka. Akina mama wanaokausha ndagala wanataka samaki wazima. Wengi wameacha kuwaanika mchangani. Wanatumia vichanja vya waya vilivyoinuliwa juu ya ardhi, ambavyo FAO ilivieneza pwani ya Burundi, hasa Mvugo kule Nyanza-Lac. Kichanjani hewa inapita juu na chini, samaki anakauka ndani ya siku moja, haokoti mchanga wala hapigwi na tope mvua ikinyesha. Samaki aliyepondeka hata kichanja hakimwokoi. Wavuvi walipoacha kukanyaga samaki, akina mama waliacha kushusha bei, na mmoja wao akawa anakuja kuuangalia ubao kabla ya kutaja bei yake.

Lililokuwa gumu kuliko yote ni deni. Wiki za mbalamwezi hakuna mapato, na watoto hula mwezi ukiwaka kama wanavyokula ukiwa haupo. Wavuvi walikuwa wakichukua avansi, yaani fedha za kutangulizwa, kwa tajiri, wakirudi ziwani wakiwa na madeni, na usiku wa kwanza wa giza walikuwa wanavua kulipa. Mtu anayevua kulipa hana haraka. Safari hii wazo lilitoka kwao: wakaomba wafundishwe sanduku. Kila mgao, kila mmoja anaweka kidogo, kufuli tatu, funguo tatu. Tajiri hana ufunguo. Sanduku hilo lilipata kazi kubwa zaidi baada ya nchi nne zinazogawana ziwa hili, Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, kuafikiana kulipumzisha miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane. Miezi mitatu haijazwi na sanduku la wavuvi saba, na waliokwenda kulima au kubeba mawese Rumonge walifanya la maana. Lakini hawakurudi wakiwa watumwa wa avansi, na walirudi kwenye chombo kilekile.

Pana mambo mawili niyaongeze, asije mtu akaiga nusu. La kwanza: hesabu ni ya hadharani, karipio ni la faraghani. Ubaoni tuliandika lita na kreti, hatukuandika jina la mtu karibu na kosa. Aliyekosea aliitwa na kapita pembeni, wakaongea. Chombo cha jirani kilichoanza kuandika majina kilipata ugomvi wa ngumi. La pili: ubao haujazi tangi. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipopanda yakameza nyumba na sehemu za pwani hadi Rumonge, na petroli ilipoadimika, tulikaa siku nyingi bila kutoka, ari au bila ari. Kiongozi anayedai watu wajitume wakati hajawapa petroli anawatania.

Matajiri wengine wa Gitaza na wa Magara wamekuja kuuliza. Wapo walioanza. Mmoja aliniambia hatathubutu: "Mama Karani, mvuvi akijua hesabu atanidai." Nikamjibu kuwa ni kweli, wetu walidai. Walisimama mbele ya ubao wakaonyesha, kwa tarakimu zao wenyewe, kwamba wavu ule wa viraka unawakosesha kreti na unakula nyuzi, wakadai tajiri anunue mpya. Tajiri akasema fedha yote hana. Wakashauriana, wakakubali gharama ya nyuzi waliyokuwa wakikatwa iendelee kukatwa, safari hii iingie kwenye bei ya wavu, mpaka nusu itimie. Watu waliokuwa wakiuiba mzigo wa chombo usiku walijitolea kuchangia wavu ambao, kwa sheria tuliyoiandika wenyewe, ni mali ya tajiri.

Kwa hiyo wewe uliye na duka, gereji, ofisi au shamba la michikichi, na watu wako wamelegea, kabla hujanunua jezi, waite uwaonyeshe makato. Waonyeshe kabla, si baada, na ukubali kuulizwa.